Maji peke yake si uwanja: utalii wa helikopta na ndege za majini, na ungehitaji nini hapa Mwanza

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukisimama Mwaloni Kirumba, ziwa huwa limetulia kiasi kwamba vilima vya mawe vya ng'ambo vinaonekana mara mbili, kimoja juu na kingine majini. Ni saa ambayo mtu yeyote anayeyatazama maji kwa jicho la biashara hujiuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi kwa watu wa utalii hapa mjini: kwa nini ziwa lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, lenye visiwa, hifadhi za taifa na miji mikubwa ukingoni mwake, halina pilikapilika za ndege zinazotua majini, kama zile ambazo wageni wanazisimulia kutoka milima ya Kanada au visiwa vya Maldivi?

Jibu linalotolewa haraka ni mtaji. Mtaji ni sehemu ya jibu, lakini mtu akishapata fedha ya kununua ndege huwa bado hajafika hata nusu ya safari. Biashara hii huonekana kama jambo la angani, ilhali sehemu kubwa ya ugumu wake iko chini: kwenye gati, kwenye ofisi za leseni, kwenye bohari ya vipuri, na kwenye mwalo wa wavuvi, ambao wenyewe wana saa zao za kuingia na kutoka. Makala haya yanajaribu kuifumua biashara hiyo uzi mmoja baada ya mwingine, kwa kuanzia mahali ilipokomaa.

Whistler ni mji wa mapumziko wa milimani katika jimbo la British Columbia, Kanada, karibu kilomita 120 kwa barabara kutoka jiji la Vancouver. Katika miezi ya joto, ndege za majini huondoka gatini katikati ya Vancouver na, kabla ya saa moja kuisha, hutua Green Lake, ziwa dogo lililo kando ya mji huo. Kampuni inayojulikana zaidi katika njia hizo, Harbour Air, ilianza mwaka 1982, na haikuanza na watalii. Ilianza kwa kuwahudumia watu wa misitu na magogo kwenye pwani ambayo haina barabara. Helikopta za eneo hilo nazo haziishi kwa watalii pekee: kampuni zake hubeba maji ya kuzima moto wa misitu, nguzo na nyaya za umeme, vifaa vya ujenzi na majeruhi wa milimani, na wakati wa baridi huwapeleka watelezaji wa theluji kileleni. Biashara hii ya kuwapeleka watelezaji kwa helikopta ilishika mizizi mwaka 1965 katika milima ya Bugaboos ya jimbo hilohilo, kwa juhudi za Hans Gmoser, mwongoza wapanda milima aliyehamia Kanada kutoka Austria.

Nimetaja historia hiyo kwa sababu ndiyo inayofichwa na picha nzuri. Mgeni anaona ndege nyeupe ikiteleza juu ya maji ya kijani na kudhani kwamba ndege hiyo ililetwa kwa ajili yake, kumbe ilikuwapo tayari ikifanya kazi nyingine, na utalii ukaja kukaa juu ya mgongo wa kazi hiyo.

Sababu ya jambo hili kuwa hivyo ni hesabu ya saa. Kila chombo cha angani kina gharama za aina mbili. Kuna gharama zinazokuja kinaporuka, yaani mafuta, ada za viwanja na uchakavu wa injini, na kuna gharama zinazokuja hata kikilala: bima, mishahara ya marubani na mafundi, kodi ya banda, marejesho ya mkopo, ukaguzi wa lazima. Aina hii ya pili ndiyo inayoua kampuni changa. Chukua mfano wa helikopta ndogo ya Robinson R44, inayotumika sana duniani kwa matembezi ya angani: mtengenezaji anataka ifanyiwe matengenezo makubwa ikifikisha saa 2,200 za kuruka au miaka 12, lolote litakalotangulia. Maana yake ni kwamba helikopta iliyofunikwa turubai bandani inaendelea kuzeeka na kuelekea kwenye matengenezo hayo bila kuingiza hata shilingi moja. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba gharama zisizobadilika za mwaka ni shilingi milioni 600. Chombo kikiruka saa 200 kwa mwaka, kila saa inabeba milioni tatu kabla ya tone la kwanza la mafuta. Kikiruka saa 600, kila saa inabeba milioni moja. Mteja ni yuleyule, mandhari ni yaleyale, ila bei imeshuka kwa theluthi mbili za mzigo huo kwa sababu tu kulikuwa na kazi nyingine ya kukijaza chombo siku ambazo watalii hawapo.

Kwa hiyo swali la kwanza la Mwanza halihusu idadi ya watalii. Linahusu kazi nyingine zitakazokilisha chombo mwezi wa Aprili, mvua inaponyesha na wageni wa Serengeti wanapopungua. Kuna kazi za namna hiyo kanda ya ziwa: safari za watu wa migodi, kusafirisha wagonjwa mahututi kutoka visiwani kuja hospitali kubwa za mjini, ukaguzi wa njia za umeme, doria za uvuvi haramu na uokoaji. Lakini kila moja ina mpinzani wake. Mgodi wa dhahabu wa Geita una kiwanja chake cha ndege, na tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takriban kilomita tatu lifunguliwe mwezi Juni 2025, gari linavuka ghuba kwa dakika chache mahali ambapo awali watu walipanga foleni kusubiri kivuko. Atakayeuza usafiri wa haraka wa angani kati ya Mwanza na Geita atakuwa anashindana na daraja, na daraja halina tiketi ya kulipwa kwa dola. Whistler ilipitia jambo linalofanana na hili: barabara ya kutoka Vancouver ilipanuliwa kabla ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 2010, na ndege zikaendelea kuwapo kwa kuwa abiria wengi walikuwa wananunua mandhari, wala si dakika walizookoa.

Baada ya hesabu huja hewa. Watu wengi hawafikirii kwamba ziwa letu liko mlimani, lakini uso wake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, juu zaidi kuliko Green Lake ya Whistler. Hewa ya mwinuko huo ni nyepesi, na joto huifanya iwe nyepesi zaidi. Siku ambayo kipimajoto cha Mwanza kinasoma nyuzi 28, mabawa, pangaboi na injini hufanya kazi kana kwamba viko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Injini ya pistoni inapoteza nguvu, pangaboi linakamata hewa kidogo, na bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili libebe uzito uleule. Kwa helikopta, tofauti hiyo huonekana wazi pale inapotaka kuning'inia mahali pamoja bila kusonga, jambo linalokula nguvu kuliko kuruka mbele. Chombo kinachobeba abiria watatu bila shida Dar es Salaam kinaweza kulazimika kubeba wawili hapa. Si kwamba helikopta haziwezi mwinuko: tarehe 14 Mei 2005 rubani Mfaransa Didier Delsalle alitua juu ya kilele cha Everest na helikopta ya injini ya tabini. Lakini alikwenda peke yake, chombo kikiwa kimepunguzwa uzito. Ndiyo maana katika biashara hii abiria hupimwa kwenye mizani pamoja na begi lake, namba huandikwa, na mtu wa kilo 110 huambiwa kwa heshima kwamba hatakaa kiti cha dirishani alichokitaka. Asiyepimwa popote kabla ya kupanda chombo kidogo ana sababu nzuri ya kuuliza kwa nini.

Ndege ya majini ina mzigo wa ziada ambao helikopta haina, nao ni maboya yake mawili yanayoiwezesha kuelea. Maboya hayo huongeza uzito na kuburuta hewa muda wote wa safari, kwa hiyo ndege ileile inabeba kidogo na inakwenda polepole kuliko ndugu yake mwenye magurudumu. Wakati wa kuondoka, maboya yanapaswa kwanza kupanda juu ya maji na kuteleza kama mashua ya mwendo kasi, kisha yajinasue. Kwa hewa nyepesi ya hapa kuteleza huko kunakuwa kurefu. Ziwa lina nafasi ya kutosha, lakini halina usawa wa kudumu. Mawimbi ya nusu mita, ambayo mtumbwi wa injini unayapita bila mtu kushika ubao, kwa ndege ndogo ya majini ni sababu ya kubaki gatini. Na kinyume chake, kwa mshangao wa wengi, ni hatari vilevile: maji yakiwa kioo kabisa, rubani hana anachoweza kukitumia kukadiria kimo, na marubani waliobobea wamewahi kugonga uso wa maji wakiamini bado wako mita kadhaa juu. Hufundishwa kutua karibu na ufuko ili macho yapate kitu cha kushika, au kushuka kwa mwendo mdogo usiobadilika hadi boya liguse lenyewe. Yale maji ya saa kumi na mbili na nusu niliyoyataja mwanzoni, yanayomvutia mwekezaji, ndiyo hasa yanayomtia rubani wasiwasi.

Kuna maboya yenye magurudumu yanayojikunja ndani, yanayoiwezesha ndege kutua majini na pia kwenye kiwanja. Kwa Mwanza hayo ndiyo yanayofaa, kwa kuwa ndege ingelala uwanjani Ilemela, ingejaza mafuta na kufanyiwa ukaguzi huko, kisha ishuke kwenye visiwa vya Ukerewe au Rubondo. Lakini yana mtego wake. Rubani akisahau magurudumu yakiwa yametoka na kutua majini, magurudumu hunasa na ndege hupinduka kichwa chini kwa sekunde moja. Ndiyo sababu utawasikia marubani wa ndege hizo wakijisemea kwa sauti, kila mara, hata wakiwa peke yao: natua majini, magurudumu yako ndani.

Jambo moja ziwa letu linatupendelea kabisa. Maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi. Huko Maldivi, ambako ndege aina ya Twin Otter hubeba watalii hadi visiwani, chumvi hula alumini usiku na mchana, na kuziosha ndege kwa maji baridi ni sehemu ya gharama ya kila siku. Hapa gharama hiyo ingekuwa ndogo sana. Ningependa watu wa utalii walitaje hili kabla ya machweo na tai wavuvi, kwa sababu mwekezaji anayejua kazi yake atalisikia.

Tena si mara ya kwanza ziwa hili kutumika hivyo. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ilianzisha huduma ya kila wiki kutoka London kuja Afrika, na mwisho wa njia hiyo ulikuwa Mwanza. Kipande cha mwisho, kutoka Khartoum kuja kwenye ziwa, kilifanywa na ndege za aina ya Calcutta, ambazo mwili wake wenyewe ulikuwa kama mashua. Mwezi Januari 1932 njia ikasogezwa hadi Cape Town, na Mwanza ikaacha kuwa kituo cha mwisho. Kuanzia mwaka 1937 ndege kubwa zaidi za majini zilipita Port Bell na Kisumu, zikaenda Mombasa, Dar es Salaam, Lindi na kuendelea hadi Durban. Ndege za mwisho za namna hiyo katika njia ya Uingereza na Afrika Kusini zilistaafishwa mwaka 1950. Kilichoziua si ziwa. Ndege za majini zilipendwa kwa sababu viwanja vya nchi kavu vilikuwa vichache na vibaya. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika, dunia ilikuwa imejaa njia ndefu za kurukia zilizojengwa kwa ajili ya ndege za kivita, na faida ya kutua majini ikatoweka kwa safari ndefu. Ikabaki pale tu ambapo hakuna kiwanja: visiwani, kwenye fiodi, kwenye maziwa ya milimani.

Tukiingia kwenye kanuni, ndege ya majini inaleta fumbo ambalo helikopta haileti. Ikiwa angani ni ndege. Ikishagusa maji, sheria za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana majini, za mwaka 1972, zinaihesabu kuwa chombo cha majini kama mashua nyingine yoyote, na zinaitaka kwa ujumla ijitenge mbali na vyombo vingine vyote bila kuvizuia kupita. Hii ina maana kwamba mvuvi mwenye mtumbwi wa makasia ana haki ya njia mbele ya ndege ya mamilioni ya dola. Kwa Tanzania, rubani, ndege na kampuni vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Usalama wa vyombo vya majini uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC. Kutua ndani ya hifadhi za visiwa vya Rubondo au Saanane kunahitaji ridhaa ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Gati na banda jipya la ufukweni litadai tathmini ya mazingira inayosimamiwa na baraza la mazingira, NEMC. Na halmashauri ya wilaya ina lake la kusema kuhusu ardhi. Hakuna ofisi iliyo na makosa kwa kuwapo kwenye orodha hiyo. Tatizo ni kwamba zote zilizoea kukutana na chombo ambacho ni ama ndege ama mashua, na mwombaji wa kwanza ndiye atakayelipia muda wa zote kujifunza.

Hapo pia ndipo mteja hupotea. Neno kampuni ya ndege, kwenye utalii wa angani, linaweza kumaanisha watu wanne tofauti: mmiliki wa chombo, mwenye cheti cha uendeshaji ndege kilichotolewa na mamlaka ya anga, wakala anayeuza safari, na mwenye hoteli anayeiweka kwenye kifurushi chake. Jina lililopakwa ubavuni linaweza kuwa la yeyote kati yao. Anayewajibika kwa mafunzo ya rubani, kwa matengenezo na kwa bima ya abiria ni yule mwenye cheti, na jina lake linapaswa kuonekana kwenye tiketi. Ipo tabia, katika nchi nyingi, ya mwenye ndege binafsi kubeba abiria wanaolipa kimyakimya kana kwamba ni marafiki zake. Ndege inaweza kuwa nzima na rubani akawa hodari, lakini likitokea la kutokea bima hugeuka karatasi. Swali moja linatosha kumlinda mgeni: cheti cha uendeshaji ni cha nani, na naweza kukiona?

Kanuni za utalii wa angani mahali pengi ziliandikwa baada ya misiba. Tarehe 18 Juni 1986, juu ya Grand Canyon nchini Marekani, helikopta na ndege ya Twin Otter, zote zikiwa zimebeba watazamaji wa mandhari, ziligongana na kuua watu wote 25. Mwaka uliofuata sheria ilipitishwa kusimamia safari za juu ya hifadhi, na njia na vimo vya helikopta vikatengwa na vya ndege. Mei 2019, huko Alaska, ndege mbili za majini zilizobeba watalii wa meli ziligongana mchana kweupe na watu sita wakafa. Chanzo cha hatari katika matukio hayo kinafanana: wote wanakwenda kutazama kitu kilekile, kwa saa ileile nzuri. Poromoko zuri ni moja tu, na kila rubani anataka kumgeuzia abiria wake dirisha. Hapa kwetu kitu hicho kingekuwa mdomo wa Mto Mara au nyumbu wakiwa ukanda wa magharibi wa Serengeti, ambako alfajiri kuna baluni za watalii tayari.

Na sisi wa ziwa hili tuna msiba wetu wa karibu. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam iliangukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Walipona 24, na 19 wakafariki. Haikuwa ndege ya majini, lakini inatufundisha mambo mawili kuhusu safari yoyote ya angani juu ya ziwa. La kwanza ni hali ya hewa. Usiku, upepo wa nchi kavu hutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa ambalo bado lina joto, mawingu ya radi yakajengeka huko, kisha yakasukumwa kuelekea magharibi. Ndiyo maana pwani ya Kagera hupata mvua ya asubuhi wakati Mwanza kumetulia. Rubani anayetazama ziwa la Kirumba likiwa kioo hajaona chochote kuhusu Bukoba. La pili ni kwamba waliofika kwanza kwenye ndege ile walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao na kwa kasia zao.

Kampuni makini ya ndege za majini hulichukua jambo hili kwa uzito wake. Jaketi okozi huvaliwa kiunoni tangu gatini badala ya kuwekwa chini ya kiti, na abiria huambiwa zaidi ya mara moja asilijaze hewa akiwa bado ndani, kwa sababu ndege iliyopinduka sakafu yake huwa juu, na aliyejaza jaketi huelea hadi huko akabanwa na kushindwa kuzama kuelekea mlangoni. Wahudumu hufundishwa kutoka ndani ya kibanda kilichopinduliwa kwenye bwawa. Na boti ya uokoaji huwa na mtu ndani yake, injini imejaribiwa asubuhi hiyo. Kwa ziwa letu ningeongeza kwamba wavuvi wa mwalo husika wafundishwe mlango wa ndege hiyo ulipo na unavyofunguliwa kwa nje. Ni mafunzo ya nusu siku.

Kelele nazo zina historia yake. Ufaransa ilipiga marufuku kuwashusha watu milimani kwa ndege kwa ajili ya starehe kwa sheria ya milima ya mwaka 1985. Uswisi haikupiga marufuku, ila iliamua kwamba kutua huko kufanyike kwenye vituo maalumu vilivyoorodheshwa, navyo ni 40. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, kina sokwe waliotokana na wale walioachiwa huko kati ya mwaka 1966 na 1969 baada ya kuishi kifungoni huko Ulaya, na mgeni hulipia saa nyingi za kutembea msituni kwa matumaini ya kuwaona. Helikopta moja inayozunguka chini chini kwa dakika kumi inaweza kuiharibu siku ya watu wote walio kisiwani. Saanane ni ndogo kiasi kwamba swali hilo halipo kabisa: hakuna pembe yake isiyosikia.

Turudi mwaloni, kwa sababu ndipo mambo yote haya hukutana. Gati la ndege ya majini lazima lielee, kwa kuwa ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kwenye kiwango cha rekodi ya mwaka 1964, na magati ya kudumu na nyumba za ufukweni zikamezwa. Gugu maji, lililoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, husafiri na upepo kwa visiwa vizima, na ghuba iliyokuwa wazi jana leo ni shamba la kijani lenye mizizi ya kukamata maboya na usukani. Korongo wakubwa wanaosubiri matumbo ya sangara hupaa kwa makundi, na mmoja wao ni mzito wa kutosha kuvunja kioo cha rubani. Wapokeaji wa kamba, wale vijana wanaosimama ndani ya maji hadi mapajani ili kuishika ndege isigonge gati, wako kwenye maji yenye kichocho, kwa hiyo wanahitaji mabuti marefu na dawa, na gharama hiyo ni ya kampuni wala si yao. Na helikopta haiwezi kushuka karibu na mwalo wakati wa mchana kwa sababu ya dagaa. Nimewatazama akina mama wakiwageuza dagaa kwenye vichanja, kiganja kwa kiganja, ili mchanga usiingie. Upepo wa panga za helikopta moja ungewarudisha kwenye vumbi dagaa wa mtaa mzima, mtaji wa wiki wa watu ambao hawatapanda helikopta hiyo maishani.

Kisha kuna suala la saa, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Ndege za majini huruka mchana, kwa kutegemea macho, na kwenye maji tulivu. Kwenye ziwa letu utulivu huo uko asubuhi. Jua likishapasha nchi kavu, upepo wa ziwani huamka, na kufikia saa sita au saba mawimbi ya nusu mita ni ya kawaida. Lakini asubuhi hiyohiyo ndiyo mitumbwi ya dagaa inaporudi. Wavuvi hawa hutoka jioni na taa zao, hufanya kazi usiku kucha, na kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi huingia kwa mamia, wamechoka, vyombo vimejaa, wengine wakivutana kwa kamba. Kama nilivyoeleza, sheria inawapa wao njia. Hata isingewapa, hakuna rubani anayeweza kuteleza kwa kasi ya kuruka katikati yao.

Taa za dagaa, hata hivyo, zina adui mmoja, naye ni mwezi. Mbalamwezi ikiwa kamili samaki hawaifuati taa, na wavuvi wengi hupumzika, hutengeneza nyavu, huenda nyumbani. Siku hizo za kila mwezi maji ya alfajiri huwa karibu matupu. Siku za giza, mwanya unabaki kati ya saa tatu, mitumbwi ikishaingia, na saa tano, kabla upepo haujakaza. Kampuni itakayotaka kuanza hapa ingepaswa kuketi na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufukwe, wa kila mwalo kabla ya kuagiza ndege, na ratiba yake ya kwanza ingekuwa na safu mbili: moja ya wiki za giza, ambamo ndege ya kwanza inaondoka saa tatu asubuhi, na nyingine ya siku za mbalamwezi, ambamo inaweza kuondoka saa moja.